Sikio la Mfalme

Nafasi gazetini ilituishia mkono wa mkurugenzi ukiwa kwenye pindo la kitambaa. Tumemwacha bwana wa watu amesimama hivyo wiki nzima, na kwa hilo tunamwomba radhi. Sasa avute.

Akavuta.

Kitambaa kilianguka sakafuni mwa ukumbi wa makumbusho, na mfalme akatokea: joho jekundu, soksi za hariri, mbwa miguuni, taji kichwani. Joho lilikuwa joho. Mbwa alikuwa mbwa, tena ungemwita angekuja. Lakini chini ya taji, pale palipotakiwa pawe na uso uliotisha nchi nzima enzi zake, palikuwa na shemeji.

Si shemeji wa mfalme. Shemeji wa Denge.

Kwa aliyeingia leo tu, habari ndiyo hii. Denge ni mwanamke wa miaka thelathini na ushei ambaye kazi yake ilikuwa kuchora vichwa vya wanaume kwenye vibao vya vinyozi. Jina alilipata kwa sababu mtindo wa denge, ule wa kunyoa pembeni na kuacha utosini, aliuchora vizuri kuliko mitindo mingine yote. Karakana ya vibao ni ya mume wa dada yake, na ni huyo shemeji aliyempa ruhusa, kwa kinyongo, ya kwenda kujifunza kuchora sura za watu kwa njia ya zamani: kunakili picha ya mkongwe mpaka mkono uelewe. Picha aliyopewa ni ya mfalme huyu, inayoning'inia ukutani ndani ya fremu yenye mapindo mawili ya dhahabu. Nakala ikikubaliwa, Denge anapata kiti katika studio ya Mwalimu, mchoraji wa sura anayeheshimika mjini, ambaye mikono imeanza kumtetemeka na anahitaji mkono mwingine. Ikikataliwa, anarudi kwa vinyozi.

Makumbusho yana sheria moja. Nakala lazima iwe ndogo kuliko picha yenyewe kwa shubiri nzima, urefu na upana, asije mjanja mmoja akazibadilisha. Denge alikata turubai lake kwa vipimo alivyopewa ofisini, kisha akashangaa jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi. Kila alichokipima kwa uzi mbele ya picha kiliingia kwenye turubai lake kama kilivyo, hakuna cha kupunguza. Aliona ni kipaji.

Sasa turudi kwenye aibu yake.

Mkurugenzi alishusha miwani mpaka ncha ya pua.

"Huyu bwana namjua," alisema.

Denge alipata tumaini fupi sana.

"Yuko kwenye kibao cha kinyozi wangu. Pale amenyolewa pembeni. Na kile cha karibu na kituo cha mafuta amefuga ndevu. Ni huyu huyu. Macho hayo hayo ya mtu aliyeamshwa usingizini."

"Ni shemeji yangu," Denge alisema, maana kukana kusingemfikisha popote. "Ndiye aliyekuwa akinikalia nikijifunza vichwa."

Mlinzi wa ukumbi, mwanamama mnene anayeitwa Mama Kiti kwa sababu ambayo ukimwona umeijua, alinyoosha shingo bila kunyanyuka. "Mimi nilimwona tangu juzi. Nikadhani ni jamaa wa mfalme. Mfalme mwenyewe alikuwa na wanawake wengi, huwezi kuapa."

"Mama, tafadhali," mkurugenzi alisema.

"Nasema tu, baba."

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yao. Ni mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu aliyoivuta mpaka chini ya masikio, jua liwake au mvua inyeshe. Wanafunzi wake wa zamani walisema alizaliwa nayo. Aliisogelea nakala mpaka pua ikakaribia kushika rangi.

"Joho zuri," alisema. "Soksi nzuri. Mbwa ni bora kuliko yule wa ukutani. Uso ni aibu."

"Nilikuwa namtazama yeye, Mwalimu. Naapa nilikuwa namtazama yeye."

"Macho yalimtazama yeye. Mkono ulikuwa nyumbani. Kila mchoraji ana sura inayomtoka akizubaa. Wengine hutokwa na mama zao. Wengi hutokwa na wao wenyewe. Wewe umetokwa na shemeji."

"Na wewe hutokwa na nani?"

"Mimi sizubai."

Mkurugenzi aliokota kitambaa, akakikunja vizuri kama mtu anayefunga shughuli. "Basi, tumejaribu. Kengele ya kufunga ikilia wapagazi wanamshusha mfalme. Wasafishaji wanakuja kesho kufungua fremu na kumwosha, maana kitukuu chake anakuja kumwona, na hatuwezi kumwonyesha mtu babu yake akiwa na masizi."

"Kengele haijalia," Mwalimu alisema.

"Mwalimu, huo ni uso mzima."

"Uso ni sehemu ndogo ya picha. Mpe mpaka kengele. Ukirudi ukamkuta shemeji bado yuko hapo, nitambebea binti vifaa vyake mimi mwenyewe mpaka karakana."

Mkurugenzi aliitazama mikono ya Mwalimu, iliyokuwa ikitetemeka ndani ya mifuko ya koti, akaona haya kukataa. "Mpaka kengele," alisema, akaondoka.

Denge alishika kisu cha rangi, kile butu cha kukwangulia. Rangi ya uso ilikuwa bado mbichi. Alikielekeza kwenye kidevu.

"Usiguse."

Sauti ilitoka mlangoni. Kwenye mlango alisimama mwenye kidevu.

Shemeji alikuwa amekuja na hotuba. Njia nzima alikuwa akiipanga: kwamba kuna kinyozi mpya anataka kibao, kwamba karakana haiendeshwi na marehemu wenye mataji, kwamba ruhusa ina mwisho. Hotuba yote ilimtoka kichwani alipoiona nakala. Aliikaribia kwa hatua za mtu anayeingia msibani.

"Shemeji," alisema, sauti imelegea. "Kumbe ndivyo unavyonichukulia."

"Shemeji, ni makosa."

"Makosa yako wapi hapo? Tazama bega. Tazama mkono ulivyoishika ile fimbo. Dada yako anajua kwamba mimi huonekana hivi?"

"Bega si lako, ni la mfalme. Yako ni sura tu."

"Sura ndiyo mtu."

"Hapo amesema kweli," Mwalimu alisema. "Ndiyo maana tunaikwangua."

Shemeji alijitupa mbele ya turubai, mikono ameitandaza kama mlinda mlango. Alikuwa amevaa shati jeupe, lile la kwenda kuonana na wateja. "Haikwanguliwi. Hii inakwenda juu ya mlango wa karakana. Nani ataleta kibao kwingine akiona mwenye duka ana taji?"

"Hii ni nakala ya makumbusho, shemeji. Ikikubaliwa ndiyo napata kiti."

"Kiti kipo karakana. Sikiliza. Ruhusa nilikupa mimi, na mimi naichukua. Ukinikwangua leo, kwangu usishike tena brashi. Hata hilo denge lako utalichora kwenye ukuta wa jirani."

Hapo, msomaji, mambo yalibadilika uzito. Asubuhi Denge alikuwa na pa kurudi akishindwa. Sasa akikwangua na kushindwa, hana studio, hana karakana, ana suruali yenye madoa na kisu butu. Asipokwangua, ana shemeji juu ya mlango mpaka siku ya mwisho ya maisha yake.

Alimtazama mfalme wa ukutani. Mfalme hakuonyesha kujali.

"Shemeji, sogea," alisema. "Ukikauka itakuwa tabu kukutoa."

"Sisogei."

Ndipo Mama Kiti alipofanya jambo ambalo wafanyakazi wa makumbusho hawakuwahi kulishuhudia. Alisimama.

"Baba," alisema, "picha za humu haziguswi. Na wewe umeshaigusa kwa mgongo."

Shemeji aligeuka kujiangalia nyuma. Kwenye shati jeupe, kuanzia bega hadi kiuno, lilikuwa limebaki joho zima jekundu, na chini yake nusu ya mbwa, ingawa kwenye turubai havikupungua. Alizunguka kulifuata joho, nalo likazunguka pamoja naye. Alipozunguka mara ya pili, Denge alikuwa kazini.

Alianza na kidevu. Kisha midomo, kisha pua. Macho aliyaacha mwisho, yakamtazama kwa masikitiko ya mtu aliyeamshwa usingizini, halafu nayo yakaenda. Chini ya taji pakabaki ukungu wa rangi ya udongo.

Shemeji aliyakuta makwanguo yamelundikana kwenye ncha ya kisu. Hakupiga kelele. Aliomba kipande cha karatasi, akayafungia humo. Ilikuwa karatasi ya gazeti, na kwa heshima hatutasema ni gazeti gani.

"Haya ni yangu," alisema, akaenda kukaa kwenye benchi la wageni, mgongo wake haugusi kitu.

"Mpindue," Mwalimu alisema.

Denge aliligeuza turubai kwenye kiegemeo, miguu ya mfalme ikawa juu na taji chini.

"Sasa yule wa ukutani."

"Yule amefungiwa ukutani, Mwalimu."

"Basi pinduka wewe."

Denge alimtazama kuona kama anatania. Mwalimu hatanii. Basi alimpa mfalme mgongo, akapanua miguu, akainama mpaka kichwa kikafika magotini, akachungulia nyuma katikati ya miguu yake. Tunashukuru alikuwa amevaa suruali ya kazi.

"Enzi zake," Mama Kiti alisema, akirudi kukaa, "alikata watu vichwa kwa dogo kuliko hilo."

"Unaona nini?" Mwalimu aliuliza.

"Naona pua imekaa juu ya..."

"Usiseme pua. Ukisema pua, mkono utaleta pua unayoijua. Unaona nini?"

Damu ilikuwa ikimshukia Denge machoni. Alitazama. Uso ulikuwa umekwenda zake. Palikuwa na kilima, na upande mmoja wa kilima kivuli.

"Kivuli cha pembe tatu. Ncha imeelekea dirishani."

"Upana?"

"Nusu ya kile cha pembeni yake."

"Kiweke."

Alinyanyuka, akakiweka, akainama tena. Mtaro mwembamba wenye rangi ya divai. Akauweka. Mabonde mawili yenye unyevu, moja limezama kuliko jingine. Akayaweka. Kifuko kikubwa kilichoning'inia, ambacho kwa watu wa kawaida kingekuwa kidevu cha pili lakini kwa mfalme kilikuwa cha kwanza. Akakiweka. Aliinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, mpaka watalii waliopita wakadhani ni sehemu ya maonyesho, na mmoja akapiga makofi.

Ajabu ni kwamba mkono ulitii. Kwa mara ya kwanza tangu ashike brashi, Denge hakuwa anachora mtu. Alikuwa anachora vipande, na vipande havikuwa na undugu naye.

Alifika pembeni mwa uso. Hapo aliona kitu kidogo kama ukurasa uliokunjwa kwenye kona. Upande wa pili wa kitu hicho nyama haikuning'inia. Ilishikana na shavu moja kwa moja, kama imeshonwa.

"Kuna kitu kimekunjwa," alisema. "Kama kona ya ukurasa."

Mwalimu alivuta kofia yake chini zaidi.

"Hicho kiache kivulini."

"Nakiona vizuri kabisa."

"Nimesema kiache."

Msimu mzima wa mvua mtu huyu alikuwa amemwimbia Denge wimbo mmoja: unachokiona hukiachi. Aliwahi kumfanya arudie ukucha wa mbwa mpaka mbwa akachoka. Denge aliona mzee amechoka tu na anataka wamalize. Akakichora. Kona, mkunjo, mshono, vyote.

Kengele ikalia.

Mkurugenzi alirudi na wapagazi nyuma yake, wanaume wenye mablanketi mabegani. Denge aliligeuza turubai. Miguu ikashuka, taji likapanda, na vile vipande vyote vikajipanga mahali pake.

Shemeji alisimama kwenye benchi bila kujua kwamba amesimama.

Alikuwa yeye, yule mzee wa ukutani, mwenye kidevu kinachotangulia kufika na sura ya mtu aliyecheleweshewa chakula, na anayejua ni nani aliyekichelewesha. Hakuna kinyozi ambaye angethubutu kumweka mlangoni.

Mkurugenzi alitazama ukutani, akatazama nakala, akarudi ukutani. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Ni yeye," alisema. "Umepata hata sikio."

"Mimi nilikuwa bora," shemeji alisema, lakini kwa unyonge.

"Kesho asubuhi nitaigonga muhuri mbele ya bodi. Bila muhuri sijakubali kitu, mnajua taratibu. Lakini hongera, binti. Na wewe, Mwalimu. Umempata."

Mwalimu alivua kofia, akajifuta nayo uso.

Denge alikuwa amesimama upande wake wa kushoto. Hajawahi kumwona mzee huyu bila kofia. Aliona kichwa kilichoanza kupata upara, aliona mvi chache, kisha akaona sikio. Sehemu ya juu ilikuwa imekunjwa kama kona ya ukurasa. Ndewe, ile ncha ya chini ya sikio, haikuning'inia, ilishikana na shavu kama imeshonwa.

Alitazama ukutani. Akatazama nakala yake. Masikio yote yalikuwa jamaa moja.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la heshima: labda Mwalimu ni wa ukoo wa mfalme. Wanawake walikuwa wengi, Mama Kiti ameshasema. Alikaribia kumwamkia upya.

"Binti, tusaidie hapa chini," mpagazi mmoja alisema.

Walimshusha mfalme polepole, Denge ameshika pembe ya chini. Walimwegemeza ukutani, uso ndani, mgongo nje. Kisha, kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu na walitaka kupisha sanduku, mpagazi mwingine aliinyanyua nakala ya Denge, nayo akaigeuza mgongo nje, akaiegemeza kando kando na ile ya mfalme. Wakaenda kuleta sanduku.

Denge akabaki na migongo miwili.

Fremu ya mfalme ilikuwa kubwa, kama ilivyotakiwa. Lakini turubai lililokuwa ndani ya fremu halikuifikia fremu. Katikati palikuwa na vipande vya mbao vilivyopigiliwa misumari pande zote nne, kuziba pengo. Kwa mbele vilipakwa dhahabu. Ndilo lile pindo la pili alilokuwa akilisifu. Na turubai lenyewe, ukilipima kwa uzi urefu na ukalipima upana, lilikuwa sawasawa na la Denge.

Zililingana. Na sheria ilisema haziwezi kulingana, isipokuwa zote mbili ni nakala.

Alikumbuka uzi wake, na jinsi ambavyo hakuwahi kupunguza kitu. Alikumbuka pia kwamba Mwalimu, aliyemfundisha kila kitu mpaka namna ya kukaa, hakuwahi hata siku moja kumfundisha kupunguza. Kipaji chake chote kilikuwa hapo mbele yake, kimepigiliwa misumari.

Upande wa pili wa ukumbi mkurugenzi alikuwa akimweleza shemeji kwamba makumbusho hayafui mashati. Mwalimu alikuja akasimama kando ya Denge. Kofia ilikuwa imerudi mahali pake.

"Mwalimu," Denge alisema kwa sauti ya chini. "Ulisema huzubai."

Mzee alivuta kofia kwa vidole viwili, ikashuka zaidi. "Nilizubaa kidogo. Kwenye sikio."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kwangu. Nyuma ya kabati la vyombo."

"Mwalimu."

"Usipandishe sauti. Mwaka ule paa hili lilivuja, picha zikashushwa ovyo ovyo, nami nilikuwa kijana niliyekwama kwenye soksi. Nilimwazima nimalizie soksi. Nikaacha yangu ishike nafasi."

"Kumaliza soksi kunachukua miaka mingapi?"

"Hakuna aliyeuliza. Watu huja kutazama dhahabu. Halafu yeye naye akawa amezoea."

Denge alitaka kucheka, na alitaka kumpiga mzee kwa kiegemeo. Hakufanya lolote kwa sababu wakati huo huo aliona mambo mengine yakipangana, kama vile vipande alivyovichora kichwa chini. Wasafishaji watafungua fremu kesho. Wakifungua wataziona mbao. Wakiziona mbao watauliza ni nani aliyewahi kukaa hapa akinakili, na aliyekaa hapa kabla ya Denge ni mmoja. Mzee akienda, studio imekwenda. Kiti alichokipigania mpaka kuinama mbele za watu kitakuwa kiti ndani ya chumba kilichofungwa.

"Kumbe ndiyo maana ukataka sikio liwe kivulini," alisema.

"Na wewe ukaniasi. Ulifanya vizuri, maana ndivyo nilivyokufundisha." Aliangalia kama mkurugenzi bado yuko mbali. "Leo umeninakili mimi, binti, tena umenishinda. Lakini mfalme bado hujamwona. Njoo kesho asubuhi kabla ya wasafishaji, tumrudishe, nawe umtazame njiani. Sanduku halifungwi misumari mpaka waje. Mama Kiti ana ufunguo wa mlango wa nyuma."

"Mama Kiti anajua?"

Kutoka kwenye kiti chake mwanamama aliinua mkono kidogo, kama mtu anayefukuza nzi. "Mimi nilisema, huwezi kuapa," alisema.

"Tatizo ni uzito," Mwalimu aliendelea. "Mwenyewe ni mpana kuliko huyu kwa shubiri, unajua, na mbao zake ni za zamani. Mikono yangu haimwezi, wala wewe peke yako hutamweza. Anahitajika mtu mwenye nguvu, mwenye gari la wazi, anayebeba vitu bapa mjini kila siku na haulizwi na mtu."

Wote wawili hawakutaka kugeuka, lakini waligeuka.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yao. Ni lini aliachana na mkurugenzi hatujui. Tunachojua ni kwamba mdomo wake ulikuwa wazi na kifurushi cha gazeti kilikuwa kimebanwa kifuani kama mtoto mchanga.

"Kwa hiyo," alisema, akionyesha fremu kwa kidevu chake, kile kile cha vibao vyote vya mji, "huyu mnayemsifu siku zote ni mzee mwenyewe na kofia yake imegeuzwa taji."

"Sikio tu," Mwalimu alisema.

"Na gari la kubeba vitu bapa ni langu."

"Shemeji," Denge alisema. "Dada hatafurahi nikikosa kazi, na huko karakana umenifukuza."

"Dada yako tutamweleza. Nitabeba." Aliangalia mlangoni, mkurugenzi alikuwa akiwafungulia wapagazi na sanduku lao. Alishusha sauti. "Nitabeba, na sitamwambia mtu. Kipaji si ninyi tu mlio nacho, mimi nina gari. Lakini mfalme yuko nyuma ya kabati, na huyu wa pili ni Mwalimu. Bado taji moja halina mtu."

"Lina mtu. Nimemaliza sasa hivi."

"Bado mbichi," shemeji alisema.

Akakifungua kile kifurushi cha gazeti, polepole, akakishika mbele ya Denge kwa mikono miwili. Humo ndani, vimechanganyikana, vilikuwapo pua yake, midomo yake, na macho ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nirudishe," alisema. "Kabla muhuri haujagongwa. La sivyo, kesho mtamsukuma mfalme wenu kwa miguu."

Sanduku liliburuzwa likaingia ukumbini. Mkurugenzi alikuwa akija nalo, akitabasamu, ananyoosha mkono kuichukua nakala ili akaiweke ofisini kwake. Denge aliigeuza nakala, akautazama uso ule, uso wa kwanza katika maisha yake uliotoka kwenye macho na si kwenye mkono. Kisu cha rangi kilikuwa bado mkononi mwake.

Alikishika vizuri.

"Mkurugenzi," alisema, "ngoja kidogo. Kuna mahali nimekosea. Kwenye sikio."